Seva Tatu, Drifti Moja

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumewasha seva mbili mpya. Sasa ziko tatu. Cyprian, bosi wetu, kaleta maandazi ya kutosha hata madereva wa malori walioegesha hapo chini, huku ofisini kwetu Kurasini.

Mwaka jana masika yalitutesa. Kazi yetu ni moja: mtu akipiga simu kwamba mjamzito ameshikwa na uchungu, mfumo unamtafutia dereva wa karibu na kumwonyesha njia inayopitika mpaka hospitali. Mvua ikikazana simu zinaongezeka, na ile seva moja ilikuwa inazidiwa, skrini zinaganda, huku Kigamboni au Chamazi mama wa watu anasubiri gari. Sasa maombi yatagawanywa, seva yenye nafasi ndiyo inajibu.

Adelard, fundi mwenzangu, alitueleza kwa ufupi. Kila seva inakaa na nakala yake ya barabara na madereva kichwani mwake ili isiende kuuliza databesi, lile ghala kuu la taarifa, kila dakika. Sie mafundi tunaiita kache. Sehemu hiyo aliiandika yeye. Ni mjuzi, sikatai, ila anaongea kama mtu anayeogopa maneno yatamwishia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Seva hazikutikisika.

Jumanne, 18 Machi

Vaileth wa chumba cha simu alikuja mezani kwangu. Huyu ndiye mkongwe wao, sauti yake haipandi hata mtu akimtukana kwenye simu.

"Sista Sekela, naomba uje uone kitu."

Nikaenda. Alikuwa amefunga barabara moja ya Chamazi kwa sababu ya tope. Akafungua upya ukurasa: imefungwa. Akafungua tena: iko wazi. Akafungua tena: imefungwa.

"Ndo hivyo," akasema. "Inabadili mawazo."

Nilimpelekea Adelard. Hakuinua macho. "Kompyuta yake hiyo. Amwambie mtu amfutie historia."

Jumatano, 19 Machi

Siku nzima nimejaribu kwenye mashine yangu. Nafunga barabara, nafungua, nafunga. Kila mara jibu ni sahihi. Nikamwambia Vaileth sijaona tatizo.

"Haya, sista," akanijibu, kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kukuachia ubishi wako.

Jumanne, 25 Machi

Jua. Nimefua, zimekauka.

Ijumaa, 28 Machi

Nimegundua kuwa wadada wa simu wamejiwekea utaratibu wao: kabla ya kumtuma dereva wanafungua ukurasa mara tatu, jibu lililorudi mara nyingi ndilo wanalolifuata. Nilimsimulia Adelard kama kichekesho. Hakucheka. Alirudi kwenye skrini yake na kuvaa vile vifuniko vya masikio.

Nadhani anatudharau.

Ijumaa, 4 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Mvua ilianza kabla hakujapambazuka. Asubuhi mlinzi wa barabara wa kata alipiga simu kwamba drifti ya Mkoroshoni, lile daraja la kulala, la chini kabisa mtoni, kwenye njia ya Kimbiji, imefunikwa na maji. Mmoja wa wadada akaifunga kwenye mfumo. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa.

Saa moja baadaye akapiga Wilbert, fundi seremala wa hukohuko Kimbiji. Mkewe, Bernadeta, mimba ya kwanza, uchungu umemshika na damu inamtoka. Aliyepokea ni Vaileth. Simu nyingine zilikuwa zinaita pande zote. Akaangalia njia mara moja tu: wazi. Akamtuma Leonardi, jirani yao wa tatu, mwenye gari aina ya Noah.

Leonardi alimchukua Bernadeta, Wilbert akabaki kutafuta hela awafuate, na walipofika kwenye drifti Leonardi alisimama, akapiga. Nilikuwa nimeingia chumba cha simu kuchukua chaja yangu, kwa hiyo niliyasikia haya kwa masikio yangu, maana Vaileth alikuwa ameweka simu kwenye spika.

"Dada, huku maji yapo."

Vaileth akatazama. "Mfumo unasema inapitika, kaka Leonardi."

"Unasema hivyo?"

"Unasema hivyo. Ngoja." Akatazama tena. "Ndiyo. Wazi."

Nyuma yake tulikuwa tunamsikia Bernadeta. Leonardi akasema, "Basi naingia."

Gari lilizima katikati. Maji yakafika kwenye milango. Wanaume waliokuwa ng'ambo waliingia mtoni wakambeba Bernadeta juu ya mabega mpaka nyumba ya kwanza waliyoiona, ya mwenye duka. Hapo ndipo alipojifungua. Gari lingine, lililozungukia njia ya juu, lilifika baadaye sana.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Bernadeta alifikishwa hospitali akaongezewa damu. Atapona, wanasema.

Vaileth alibaki ameishikilia simu muda mrefu baada ya mazungumzo kukatika. Mwenzake ndiye aliyeitoa mkononi mwake, taratibu, akairudisha mahali pake. Mie nilisimama pale na chaja yangu. Nilikuwa nimemwambia mtu huyu kwamba sijaona tatizo.

Jumatatu, 7 Aprili

Cyprian alituita sote. Alifungua rekodi ya mfumo ukutani ili kila mtu asome: drifti ya Mkoroshoni, imefungwa, asubuhi. Kisha safari ya Leonardi, imeanza wakati drifti imeshafungwa.

"Dereva aliingia kwenye njia iliyofungwa," akasema. "Ndivyo nitakavyowaandikia halmashauri. Leonardi nimemsimamisha."

Vaileth akasema, "Bosi, skrini ilisema wazi. Nilimwambia aingie."

"Vaileth, una uchungu. Hata mie nina uchungu. Lakini rekodi hiyo hapo."

"Nilimwambia aingie," akarudia, na akakaa.

Nilimtazama Adelard. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Nikajisemea, huyu anajua kitu na amekaa kimya ili jambo lipite. Nimemchukia mchana wote.

Nimesikia kwamba huko Kimbiji watu hawamsalimii Leonardi. Wilbert amesema hataki kumwona uwanjani kwake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeliona. Limenijia nikiwa nakula ugali pale kwa mama ntilie, nikaacha sahani.

Mashine yangu ina seva moja. Wiki zile zote nilikuwa natafuta ugomvi ndani ya nyumba yenye mtu mmoja. Ungeonekanaje?

Kesho nahitaji laptopu tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Nilichukua yangu, nikaazima ya Cyprian, na ya tatu nikaenda kumwomba Adelard. Nilijiandaa kugombana. Akaichomoa kwenye chaja, akaibeba mwenyewe mpaka chumba cha simu.

Nikaziweka mezani zikiwa zimepangwa kama zilivyo seva zetu, kila moja na kache yake, zote zikitumia databesi moja. Vaileth na wenzake wakasimama nyuma. Cyprian kwenye kiti, mikono kifuani.

"Angalieni," nikasema. "Naifunga Mkoroshoni hapa kwangu."

Kwangu ikasoma imefungwa. Kwenye laptopu ya Cyprian: wazi. Kwenye ya Adelard: wazi. Nikafungua upya. Vilevile. Nikafungua databesi yenyewe mbele yao: imefungwa.

"Rekodi uliyotuonyesha Jumatatu inatoka kwenye databesi," nikamwambia Cyprian. "Lakini Vaileth haongei na databesi. Anaongea na seva, na ile iliyomjibu siku hiyo ilikuwa na nakala ya zamani. Hakuna aliyeiambia."

Cyprian akainama mbele. "Itakaa hivyo mpaka lini?"

Mie sikujua. Adelard ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni.

"Mpaka nakala iishe muda wake. Inakaa saa sita nzima."

"Saa sita. Nani aliweka saa sita?"

"Mie. Ilipokuwepo seva moja haikuwa na neno. Ukibadilisha kitu, nakala ni hiyohiyo moja, inabadilika hapohapo. Tulipoongeza mbili, sikurudi kuangalia. Vaileth aliposema skrini inabadili mawazo, nilihisi. Ila nilitaka iwe kompyuta yake."

Ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema.

Vaileth alilia, bila sauti, akiwa bado amesimama wima. Cyprian aliwaomba wadada warudi kwenye simu, akatuchukua sie wawili ofisini kwake.

"Halmashauri wakisikia hivi watatuzima," akasema. "Tukizimwa katikati ya masika, nani atawapelekea gari? Mmelifikiria hilo?"

Si mtu mbaya. Huu mfumo aliuanzisha na simu mbili na daftari, na wanawake wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini nikamuuliza, "Na Leonardi?"

Akasema tutengeneze mfumo kwanza, barua ya kueleza ukweli itafuata.

"Itafuata kweli?" nikauliza.

"Sekela, nimesema itafuata."

Alhamisi, 10 Aprili

Dawa ya kwanza: nakala zisikae hata dakika. Mvua ilipokuja seva zote tatu zikaikimbilia databesi kwa pamoja, ikaelemewa, skrini zikaganda kama mwaka jana. Kabla ya mchana tumeiondoa.

Jumatatu, 14 Aprili

Dawa ya pili. Seva inayopokea badiliko inawatangazia wenzake: barabara fulani imebadilika, zitupeni nakala zenu, mkachukue upya. Nimeandika na Adelard bega kwa bega. Anafanya kazi polepole na anarudia kila mstari. Zamani ningesema anaringa.

Aliniambia tangu siku ile anapandia ngazi za nyuma, ili asipite mbele ya chumba cha simu.

"Vaileth hana kinyongo na wewe," nikasema.

"Ndiyo maana sipiti."

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimemwombea mtoto ambaye hakupata hata jina.

Jumanne, 22 Aprili

Dawa ya pili imeanguka.

Njia ya matangazo ilikatika kwa seva ya tatu, dakika chache tu, mtandao wa huku unavyokuwaga mvua ikinyesha. Katika dakika hizo barabara mbili zikafungwa. Tangazo likapita, seva ya tatu haikusikia. Mtandao uliporudi ikaendelea kujibu kwa nakala zake za zamani, kwa ujasiri kabisa.

Vaileth ndiye aliyeibaini, kwa sababu hajaacha kufungua mara tatu. Safari hii nilimwamini kabla hajamaliza sentensi. Hakuna dereva aliyetumwa vibaya.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nikamwambia Adelard nimechoka. Akaketi pembeni yangu. Akasema, "Tatizo si kwamba haikusikia. Kutosikia kutatokea tu, mtandao ndio huu. Tatizo ni kwamba haikujua kuwa haikusikia."

Nikainuka.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumekubaliana mambo matatu, na leo tumemweleza Cyprian mbele ya wadada wa simu.

Kwanza, seva ikipoteza njia ya matangazo, hata kwa kufumba na kufumbua, ikirudi itupe kila ilichokuwa nacho na ianze upya. Pili, si kila kitu kinastahili nakala. Jina la zahanati au namba ya dereva ikichelewa kubadilika hakuna anayeumia, hizo zibaki kwenye kache. Ila wakati dereva anatumwa, hali ya barabara iulizwe kwenye databesi yenyewe. Ni swali moja kwa safari moja, databesi italimudu. Tatu, databesi isipojibu, skrini isiseme wazi. Iseme haijulikani.

Hapo Cyprian akakunja uso. "Nani atautaka mfumo unaosema sijui?"

"Mie nitautaka," akasema Vaileth. "Ukiniambia haujui, nitampigia mlinzi wa barabara nimuulize. Uliponiambia wazi, sikumuuliza mtu."

Cyprian akasema tuanze.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikuwa nimepanga kwenda Kimbiji na Adelard tu. Asubuhi Cyprian akapiga simu akasema atatupeleka na gari lake. Drifti ya Mkoroshoni tuliivuka juani, maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu.

Wilbert alitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Bernadeta alikuwa ameketi kwenye benchi barazani, khanga mabegani, amekonda. Tulisema pole. Cyprian akaanza kueleza, kisha akamwachia Adelard.

Adelard akawaeleza. Hakutumia neno hata moja la kifundi. Alisema kuna mashine tatu, moja iliambiwa kwamba drifti imefungwa, mbili hazikuambiwa, na aliyempa Leonardi ruhusa aliulizia kwenye ambayo haikuambiwa.

Wilbert akauliza, "Na kazi ya kuziambia ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ulijua kama jambo hili linaweza kutokea?"

"Nilijua linaweza," akasema Adelard. "Sikutaka kuamini kwamba limeshaanza."

Nilidhani Wilbert atampiga, na nadhani Adelard alidhani hivyohivyo, maana hakusogea. Lakini aliyesema ni Bernadeta.

"Leonardi aliuliza mara mbili. Nilikuwa ndani ya gari, nilisikia. Alisimama, akapiga simu, akauliza mara mbili." Alikuwa anamwambia mumewe, si sisi. "Nimelisema hilo tangu niko wodini. Mkaniambia nipumzike."

Wilbert aliingia ndani, akatoka amevaa shati, akapita katikati yetu bila kuaga. Tulimwona akikata kwenye mihogo kuelekea nyumba ya Leonardi. Cyprian akainuka akamfuata. Sijui walisemezana nini huko. Walikaa, na waliporudi walikuwa watatu, na Bernadeta akasogea kwenye benchi ili Leonardi apate nafasi ya kukaa.

Mtoto wamemzika nyuma ya nyumba, karibu na karakana. Msalaba mdogo, Wilbert ameuchonga kwa mninga. Amechora jina: Avelina. Kumbe alipata jina.

Ijumaa, 2 Mei

Barua imekwenda halmashauri. Cyprian alinipa niisome kabla. Hajaficha kitu, hata saa sita ameziandika. Nilimkosea kwa kudhani hataipeleka, na sikumwambia hivyo, nimeiandika hapa.

Jumatatu, 5 Mei

Tumewasha dawa ya tatu. Kutwa nzima mie na Adelard tumekuwa tukikata nyaya kwa makusudi na kuzirudisha. Kila seva iliyopotea ilirudi mikono mitupu, ikauliza upya. Tulipoizuia databesi isijibu, skrini zote zilisema haijulikani. Wadada walipiga makofi kwa neno hilo.

Halmashauri wamejibu: tuendelee chini ya uangalizi, mtu wao atakuja kukagua kila wiki. Leonardi amerudishwa kazini.

Alhamisi, 8 Mei

Mkaguzi amekuja. Ana maswali mengi na anapenda chai ya tangawizi.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kama ya leo sijawahi kuiona tangu nihamie Dar kutoka Tukuyu, na Tukuyu mvua tunaijua. Kurasini yote ilikuwa maji, makontena yanasikika kama mtu anayapiga mawe. Nilifika ofisini viatu mkononi.

Mkoroshoni ilifungwa mapema. Aliyepiga simu kutoa taarifa ni Wilbert. Mlinzi wa zamani wa barabara amehamia kwingine, na Wilbert alijiandikisha mwenyewe kuchukua nafasi yake. Hakuna aliyemwomba.

Saa nne hivi ikaingia simu ya Kimbiji. Mjamzito, mapacha, chupa imepasuka. Adelard alikuwa amesimama nyuma ya Vaileth, siku hizi anapandia ngazi za mbele. Vaileth akabonyeza kutafuta njia. Ile sekunde niliiona ndefu.

Haijulikani.

Databesi ilikuwa imeshindwa kujibu, mtandao ulikuwa unakatika-katika. Mwezi uliopita ile skrini ingetupa jibu lolote lililokuwa kichwani mwake. Adelard alishaanza kukimbilia chumba cha seva. Vaileth hakumngoja, mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu ya pili.

"Wilbert, nipe hali ya hapo."

"Maji kiunoni kwa mtu mzima. Asije yeyote."

"Nimekusikia. Na njia ya juu?"

"Ya juu inapita. Tope jingi, lakini inapita."

Akamtuma Leonardi kwa njia ya juu. Dakika chache baadaye mtandao ukarudi na skrini ikasema yaleyale aliyosema Wilbert: Mkoroshoni imefungwa, ya juu wazi. Nilizunguka kwenye kila meza kuangalia. Zote zilisema hivyo.

Njia ya juu ni ndefu. Hatukuwa na la kufanya ila kupokea simu nyingine, na zilikuwa nyingi. Cyprian alijifanya anapanga karatasi. Ilipofika mchana Leonardi akapiga.

"Tumefika. Wameshampokea, yuko ndani."

Vaileth akamwambia asante, akaendelea na kazi. Tulipokuwa tunakula akapiga tena. Watoto wawili, wa kike na wa kiume, wote wamelia, mama yao anaomba uji.

Nilimwona Adelard anageukia dirisha. Nilimwacha.

"Pumzika basi, kaka Leonardi," Vaileth akasema. "Tutampa mwingine zamu yako."

"Mvua imepumzika?"

"Bado."

"Basi nasafisha gari. Niandike niko tayari."

Vaileth akabonyeza, na kwenye kila skrini ya kile chumba jina la Leonardi likageuka kijani kwa pamoja.